AfrikaBurn kwa mara ya kwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wa Afrika Mashariki wanaofikiria kwenda AfrikaBurn huuliza karibu mambo yaleyale: tiketi, viza, choo, na kama ni kweli watu hutembea uchi. Majibu ni haya. Mengine ni mafupi kwa sababu hayana mengi. Ya barabara na ya maji nimeyarefusha kwa makusudi, maana huko ndiko wageni wanakoumia.

AfrikaBurn ni nini hasa?

Ni mji wa muda unaojengwa nyikani Afrika Kusini kwa takriban wiki moja. Hujaa sanamu, muziki, moto na watu waliovaa wanavyotaka, kisha hubomolewa mpaka ardhi ibaki kama ilivyokuwa. Mji wenyewe huitwa Tankwa Town. Tamasha la kwanza lilikuwa 2007, na kufikia 2019 wahudhuriaji walikuwa wameshavuka 10,000.

Chimbuko lake ni Burning Man ya Marekani. Mwaka 1986 Larry Harvey na rafiki yake Jerry James walichoma sanamu ya mtu, ya mbao, katika ufuko wa Baker huko San Francisco. Mwaka 1990 shughuli hiyo ikahamia jangwa la Black Rock, Nevada, na 2004 Harvey akaandika kanuni kumi za kuwaongoza wote wanaotaka kufanya jambo kama hilo kwingineko. AfrikaBurn walizichukua zote kumi, wakaongeza ya kumi na moja: kila mmoja amfundishe mwenzake.

Kanuni zitakazokugusa tangu saa ya kwanza ni nne. Hakuna kuuza wala kununua. Jitegemee kwa kila kitu. Usiache alama ardhini. Na usije kutazama tu. Hiyo ya nne ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu tumezoea kwenda tamashani kuburudishwa. Kwetu mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tankwa jembe unakabidhiwa getini.

Mwaka huu wanatumbuiza akina nani?

Hakuna aliyealikwa. Hakuna jukwaa kuu, hakuna wadhamini, wala bango la bia. Kila unachokiona kimeletwa na mtu aliyenunua tiketi kama wewe: baa ya bure, darasa la ngoma, sanamu ya ghorofa mbili, basi lililogeuzwa kuwa samaki. Waandaaji hutoa ruzuku kwa baadhi ya wasanii, lakini haifiki popote karibu na gharama yote. Kama unakwenda kwa ajili ya mwanamuziki fulani, hiyo nauli ipeleke Sauti za Busara, Zanzibar. Utarudi umefurahi zaidi.

Ni wapi, na ni lini?

Ni Tankwa Karoo, nyika kavu iliyoko kaskazini mashariki mwa Cape Town, upande wa pili wa milima ya Cederberg. Milima hiyo huzuia mvua inayotoka baharini, ndiyo maana bonde la Tankwa ni miongoni mwa sehemu kavu kabisa za Karoo. Usitarajie vilima vya mchanga kama vya Sahara. Ni uwanda wa udongo mgumu na mawe, wenye vichaka vinavyofika magotini, na milima ya buluu kwa mbali.

Kwa kawaida hufanyika mwishoni mwa Aprili hadi mwanzoni mwa Mei. Lakini hakikisha kwanza katika tovuti yao rasmi kwamba mwaka unaoutaka wana tamasha, na ni eneo gani. Korona iliwafungia, na baadaye walihama shamba la awali wakaenda Quaggafontein, palepale Tankwa. Usikate tiketi ya ndege kwa kutegemea tarehe uliyoambiwa na rafiki.

Tiketi napata vipi?

Mtandaoni tu, kwa awamu, na getini haziuzwi hata ulie. Bei ni randi elfu kadhaa, na huwa kuna idadi ndogo ya tiketi za nafuu kwa wenye kipato cha chini. Tiketi huandikwa jina, hivyo beba pasipoti. Ukitaka kununua kwa mtu aliyeahirisha safari, pitia utaratibu wao wa kuhamisha tiketi. Anayekutumia picha ya tiketi kwenye WhatsApp na kuomba utume hela kwanza, mwache.

Vipi kuhusu viza na chanjo?

Mwenye pasipoti ya Tanzania huingia Afrika Kusini bila viza kwa ziara isiyozidi siku 90 kwa mwaka. Wakenya nao wamepata utaratibu kama huo tangu Januari 2023. Wenye pasipoti za nchi nyingine waulize ubalozini mapema, si mwezi wa safari. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu.

Kadi ya manjano ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Ukitoka katika nchi yenye homa ya manjano, kama Kenya, Uganda au Kongo, utatakiwa uonyeshe cheti, na chanjo iwe imefikisha siku 10. Mtanzania anayeunganisha ndege Nairobi na kukaa hapo zaidi ya saa 12 naye yumo. Chanja, weka kadi ndani ya pasipoti, usahau habari hiyo.

Kutoka Cape Town nafikaje?

Hapa tukae kidogo.

Kutoka Cape Town unakwenda Ceres, mji wa matunda uliozipa jina zile juisi za boksi tunazoziona madukani Nairobi na Dar. Ukitoka Ceres na kuvuka mlango wa milima wa Karoopoort, unaikamata R355 inayoelekea Calvinia, na muda si mrefu lami inakwisha. Kuanzia hapo ni changarawe kwa zaidi ya kilomita mia, bila mji, bila kituo cha mafuta, na sehemu kubwa bila mtandao wa simu. Njiani kuna duka la shambani, Tankwa Padstal. Lichukulie kuwa bahati, usilipangie bajeti.

Tatizo la R355 si mashimo. Wenyeji wa barabara za Marsabit au Katavi wameona mabaya zaidi. Tatizo ni mawe ya shale, membamba na makali, yanayochana tairi ubavuni mahali ambapo kiraka hakishiki. Kila mwaka pembeni mwa njia utaona magari yamekaa juu ya jeki, wenyewe wakipunga mikono. Kwa hiyo:

Beba tairi mbili za akiba kama unaweza kuzipata, na jeki unayojua kuitumia. Jifunze kufungua tairi la gari hilohilo ukiwa Cape Town, si pale njiani. Punguza upepo kidogo kwenye matairi unapoingia changarawe, na beba pampu ya kurudishia. Mwendo wa kilomita 60 kwa saa unatosha. Ni pale dereva anapofika 90 ndipo gari huteleza kama sabuni. Kaa mbali na gari la mbele, kwa sababu ya vumbi na kwa sababu kijiwe kimoja kinatosha kupasua kioo. Washa taa mchana. Jaza tangi Ceres, na mafuta hayo yakufikishe na kukurudisha.

Gari la kukodi lina mtego wake: mikataba mingi haifidii matairi, vioo na uvungu wa gari kwenye barabara ya changarawe. Soma maandishi madogo kabla ya kusaini. Namjua mtu aliyelipa gharama za kioo na tairi zilizokaribia nauli yake ya ndege.

Toka Cape Town alfajiri. Safari ni saa 4 hadi 6 mambo yakienda vizuri, na jua hutua karibu saa 12 jioni. Kusimika hema gizani penye upepo, usiombe. Wanaendesha kushoto kama sisi, na saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja.

Kama huna leseni, au hutaki adha hiyo, tafuta nafasi kwenye gari la wengine kupitia makundi ya wahudhuriaji, na uchangie mafuta. Ni njia nzuri pia ya kupata jirani kabla hujafika.

Maji na chakula nafanyaje?

Kila kitu unakwenda nacho. Kinachouzwa ndani ya Tankwa Town ni barafu tu.

Maji: hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kunawa. Siku sita ni lita 30, ongeza dumu moja na nusu kwa ajili ya gari kuharibika njiani. Usibebe dumu moja kubwa, gawanya kwenye madumu madogo, maana likitoboka moja hujapoteza yote. Mtu wa Mombasa au Tanga atadanganyika hapa. Sisi joto tunalijua kwa jasho. Hewa ya Karoo ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla hujaliona, hivyo unapungukiwa maji huku ukijiona mzima. Ukiumwa kichwa mchana, kunywa maji kwanza ndipo utafute dawa. Weka pakiti kadhaa za ORS mfukoni.

Chakula: nunua Cape Town, kwa sababu gesi huwezi kupanda nayo ndege na nyama hutavuka nayo forodha. Kinachofaa ni kile kisichohitaji moto mrefu wala vyombo vingi. Maharage na dengu zilizopikwa na kugandishwa huwa barafu yako ya siku mbili za mwanzo, kisha huwa chakula. Chapati zilizogandishwa vilevile. Karanga, tende, ndizi mbivu za siku ya kwanza, mayai ya kuchemsha. Dagaa wakavu ni lishe bora, ila fikiria jirani aliyelala hatua nne kutoka hema lako.

Punguza vifungashio ukiwa bado mjini. Kila karatasi unayoingia nayo utatoka nayo.

Hali ya hewa ikoje?

Ni vuli kule, yaani majira ya kuelekea baridi, si mvua zetu za vuli. Mchana jua huwaka hadi utafute kivuli, usiku baridi hushuka mpaka unavaa kila ulichonacho. Wageni wetu wengi huja na nguo za ufukweni, wakalala wakitetemeka. Beba koti zito, soksi, kofia ya sufu na mfuko wa kulalia wa baridi kali. Mvua ni haba, ila ikija huo udongo hugeuka tope linaloganda kwenye viatu na magurudumu. Mwaka 2023 kule Nevada mvua ya siku chache iliwazuia makumi ya maelfu ya watu wasiweze kuondoka, na Tankwa nayo iliwahi kuonja.

Upepo ndio bwana wa mahali hapo. Huinua vumbi mpaka usione mkono wako. Leso au kikoi kilichofungwa kichwani na miwani inayoziba pembeni vitakusaidia kuliko vazi lolote la madoido. Likikukuta vumbi ukiwa uwandani, simama, geuza mgongo, subiri. Midomo na pua hupasuka kwa ukavu, basi mafuta ya mgando yasikosekane.

Neno la tahadhari: ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya Nevada. Kule sakafu ni chumvi ya alkali inayochubua miguu, ndiyo maana wanaogea siki. Tankwa hushindani na alkali, unashindana na mawe na miiba. Viatu vifunike vidole.

Nitalala wapi?

Kwenye hema lako, au katika kambi ya pamoja iliyokukubali kabla. Ardhi ni ngumu, na vile vigingi vyembamba vinavyokuja na hema hupinda vyote. Nunua vipande vya nondo vya nusu mita na nyundo, na uvifunike vichwa kwa chupa ili mtu asijichome mguu usiku. Turubai la kivuli liwe na matundu ya kupitisha upepo, vinginevyo litaondoka na wewe ukiwa umelishika.

Barabara kuu ya mji ni nusu duara iitwayo Binnekring. Kambi hukaa pembeni yake zikitazama uwanda wenye sanaa. Kuna upande wa muziki mkubwa na upande wa utulivu. Kama unataka kulala, kaa mbali na muziki hata kama ni mwendo mrefu. Spika zile hazilali.

Choo? Kuoga?

Vyoo vipo, ni vya shimo. Vingi ni vikavu na vya wazi zaidi kuliko ulivyozoea. Waliokulia shamba hawatashangaa. Beba tishu na dawa ya mikono, na nenda mapema asubuhi.

Bafu hakuna. Ndoo ndogo na kata jioni kabla ya baridi inatosha, au kujifuta kwa kitambaa chenye maji. Maji machafu hayamwagwi ardhini: yakusanye kwenye beseni pana yakauke juani, yanayobaki ondoka nayo.

Takataka zinatupwa wapi?

Hazitupwi. Hakuna pipa hata moja. Ganda la chungwa, kichungi cha sigara, unyoya uliodondoka kwenye kofia yako: vyote vyako. Kwa hiyo acha nyumbani pambo la kumetameta, manyoya na shanga zilizoshonwa kwa uzi hafifu. Kila jioni pitia eneo lako na mfuko. Mwisho wa wiki usiutupe mzigo huo kwenye mapipa ya Ceres au mlangoni mwa shamba la mtu. Watu wa huko wana haki ya kuchukia, na wameshachukizwa.

Kama hakuna pesa, nitapataje vitu? Nibadilishane?

Hata kubadilishana hakuna. Mtu hukupa kikombe cha supu na hasubiri chochote. Sisi tunaojua kwamba mkono mtupu haulambwi tunapata taabu hapo: unapewa, unaanza kupapasa mifuko. Acha. Pokea, shukuru, kaa uzungumze.

Zawadi yako uiandae kwa kile unachokiweza, na mara nyingi si kitu cha mkononi. Kahawa chungu kwenye dele na kashata pembeni, alfajiri watu wakitoka kucheza na meno yakigongana, itakupatia marafiki kuliko bangili mia za plastiki ulizonunua kugawa. Leta bao na ufundishe. Suka nywele. Rekebisha baiskeli, kazi haikosekani kule. Soma mashairi, kama sauti yako inabebeka. Vitu vidogo vya kugawa ovyo huishia ardhini, na vikishafika ardhini si zawadi tena.

Lakini usichanganye ukarimu huo na mpango wa safari. Aliyekuja bila maji akisema nitapewa, huyo amekuja kula vya wenzake.

Nivae nini? Na ni kweli watu wako uchi?

Wachache, ndiyo, na baada ya nusu saa hakuna anayewatazama. Wengi wamevaa, tena sana. Wewe vaa buibui, kanzu, suruali ya kazini au mabawa ya karatasi ngumu, hakuna atakayekuuliza. Kanga inafanya kazi zote: kichwani kuzuia jua, usoni kuzuia vumbi, mabegani usiku. Angalia tu jambo la kuazima mavazi matakatifu ya watu wengine kama mapambo. Uwandani utawakuta watu waliovaa mavazi ya Kimaasai wasiyojua hata yanafungwaje, na sioni sababu ya kuongeza idadi yao.

Mimi ni Mwislamu, na sinywi pombe. Patanifaa?

Pombe ipo nyingi na hutolewa bure, lakini kusema hapana hakumuudhi mtu, na chai hutolewa vilevile. Nyama halali ni rahisi kuipata Cape Town, mji wenye Waislamu tangu karne ya 17. Nunua, gandisha, uende nayo. Kibla ni kaskazini ukiegemea mashariki kidogo. Wewe ni msafiri, kwa hiyo ruhusa za swala ya safari unazo, na maji yakikutishia kwisha, tayamamu ardhi imejaa tele.

Kuna watakaoona mahali penyewe hapawafai kabisa, kwa uchi na ulevi unaoonekana. Sitawabishia. Ni bora kujua hilo ukiwa nyumbani kuliko kukasirika wiki nzima.

Na bangi?

Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliruhusu mtu mzima kuitumia faraghani. Faraghani, si hadharani, na kuiuza bado ni kosa. Dawa nyingine zote ni haramu kisheria kama kawaida. Polisi huweka vizuizi njiani na hupekua magari, na mgeni akikamatwa ana matatizo zaidi ya mwenyeji. Usibebe, na usipokee mzigo wa mtu uliyempa lifti bila kujua ndani mna nini.

Mwanamke peke yake yuko salama?

Kuliko katika maeneo mengi ya starehe mjini, lakini si mbinguni. Kanuni ya ridhaa inasisitizwa: kumgusa mtu, kumkumbatia, kumpiga picha, yote huombwa. Kuna marenja, ambao ni wahudhuriaji waliofunzwa kutuliza mambo, na kuna wahudumu wa afya usiku na mchana. Siku ya kwanza tembelea Off-Centre Camp, ndicho kituo cha taarifa, ujue wako wapi. Wajue majirani zako kwa majina. Kinywaji kimimine mwenyewe. Usiku tembea na tochi ya kichwani, kwanza kwa sababu ya kamba za mahema.

Simu na picha?

Mtandao hakuna. Waage wa nyumbani kabla ya Ceres na uwaambie siku ya kurudi, wasianze kupiga simu hospitalini. Picha za watu ni kwa ruhusa, za uchi ndiyo kabisa.

Watoto wanaruhusiwa?

Ndiyo, na wapo. Mkivuka mpaka na mtoto beba cheti chake cha kuzaliwa, na barua ya ridhaa kama mzazi mmoja hayupo. Binafsi nisingempeleka mtoto chini ya miaka mitano: vumbi ni jingi kwa kifua kidogo.

Kwa nini wanachoma kazi nzuri hivyo? Si ushirikina huo?

Mama yangu mdogo aliuliza hivyohivyo. Hakuna mungu anayeabudiwa wala kafara. Anayeshangaa watu kujenga kibanda ili wakichome hajafika Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa, pale kibanda cha makuti kinapotiwa moto na aliye ndani kuchoropoka. Moto wa pamoja ni jambo la kale kwetu pia.

Kwa kawaida Jumamosi huchomwa sanamu kuu, iliyozoeleka kwa umbo la watu waliounganika kuwa kiumbe kimoja, wazo lililotokana na michoro ya miambani ya Wasan. Watu hupiga kelele na kucheza. Jumapili ni zamu ya Hekalu, na hapo mambo hubadilika. Wiki nzima watu wameandika ukutani majina ya marehemu wao, barua za kuomba radhi, picha za mbwa waliokufa, vipande vya nguo za harusi zilizovunjika. Likiwaka, maelfu hukaa kimya. Kama una msiba uliokuwa ukiuahirisha, jiandae, maana utakukuta pale.

Upepo ndio wenye uamuzi wa mwisho. Mwaka 2014 kazi kubwa ya Subterrafuge, minara ya mbao iliyopinga mpango wa kuchimba gesi ya shale huko Karoo, haikuweza kuchomwa kwa sababu ya upepo. Ikangoja hadi 2015. Na moto usiuingilie. Kaa nyuma ya mstari mpaka marenja waruhusu. Mwaka 2017 huko Nevada mtu aliuvuka mstari akakimbilia motoni, akafa.

Swali gumu zaidi ni la upotevu. Tunatoka katika nchi ambamo gunia la mkaa ni hesabu ya mwezi, halafu tunakwenda kutazama magogo yakiteketea kwa raha. Wasanii watakwambia kwamba baadhi ya mbao ni mabaki, kwamba kazi nyingi hazichomwi, na kwamba uchafuzi mkubwa ni wa magari na ndege zetu kuliko wa moto wenyewe. Yote kweli. Mimi hayanitoshi, na bado huenda. Nadhani mtu mzima anaweza kukaa na hilo bila kulitafutia dawa.

Si sherehe ya wazungu hiyo?

Ukitazama nyuso, sehemu kubwa ndiyo. Kwenye nchi ambayo wengi ni weusi, mji huo una weupe usiolingana, na sababu haifichiki: tiketi, gari, vifaa, likizo ya wiki. Kujitegemea ni kanuni rahisi kwa mwenye duka la kununulia. Waandaaji wamelizungumza hilo hadharani na tiketi za nafuu ni sehemu ya jibu, lakini pengo bado lipo.

Utakutana pia na yule atakayekuuliza kama wewe ni mfanyakazi. Si wengi. Jibu unalijua mwenyewe. Upande wa pili, utakuta kambi za vijana kutoka Khayelitsha na Soweto, Wazimbabwe, Wanaijeria, na ukisema "mambo" kwa sauti usishangae mtu akiitika "poa" kutoka gizani. Kadiri tunavyokwenda na kitu cha kwetu badala ya kwenda kupiga picha cha wenzetu, ndivyo swali hili litakavyobadilika.

Naenda peke yangu, simjui mtu. Nianzie wapi?

Jiandikishe zamu ya kujitolea. Getini, kwenye barafu, kwenye taarifa, kokote. Zamu moja ya saa chache itakupa majina ya watu, mambo ya kucheka, na sababu ya kuamka. Wanaokaa wakingoja kufurahishwa huchoka siku ya tatu na kuanza kulalamika kuhusu vumbi.

Baiskeli nayo itakusaidia, mji ni mpana. Iwekee taa na ubebe viraka.

Usijaze ratiba. Usiku mmoja toka nje ya mji kabisa, zima tochi, tazama juu. Majira hayo Kilimia, lile kundi la nyota, hulifuata jua kuzama, ishara ambayo wazee wa pwani walijulia masika. Kule hakiwaletei mvua yoyote, ila kusini Msalaba wa Kusini umesimama juu kabisa, na mkanda wa nyota umejaa hadi nafasi nyeusi zinaonekana chache.

Siku ya kuondoka?

Usikimbilie. Foleni ni ndefu na R355 ina madereva wenye usingizi. Lala usiku mmoja zaidi, okota takataka za eneo lako na za jirani aliyetoroka, ondoka asubuhi. Panga dereva wa pili. Ndege usiikate siku hiyohiyo.

Sina uwezo wa kufika Cape. Kuna cha karibu?

Kinachofanana hasa, hapana. Kilicho jangwani na chenye thamani yake, kipo: Tamasha la Ziwa Turkana huko Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, lililoanza 2008 na kukutanisha Waturkana, Warendille, Wasamburu, Wagabra, El Molo na wengine wa kandokando ya ziwa. Lile ni jambo jingine. Pale wewe ni mgeni wa watu wenye nchi yao, ngoma zina wenyewe, na kazi yako ni kukaa vizuri na kununua ushanga kwa bei waliyoitaja. Miongozo ya maji, upepo na matairi ni ileile.